Kinywa cha Kuazima

Nimetengeneza cherehani katika miji mingi kuliko miaka niliyokaa darasani, na hilo darasa lenyewe nililisoma kwa vipande: la kwanza hapa, la tatu kule, la pili sikumbuki kama nililipitia. Kwa hiyo nikipanga maneno vibaya, nivumilieni. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyotibiwa ulevi wiki nane nzima bila kumeza hata kidonge kimoja, na ripoti ikasema naendelea vizuri sana.

Mambo yalianza siku niliyoleta nyumbani mtoto wa watu.

Binti yangu alinichukua nikae kwake nilipochoka kuzunguka. Alinipa chumba cha uani, dirisha moja, meza ya kuwekea vichwa vya cherehani, na kazi moja tu: saa nane mchana nikamchukue mjukuu wangu shuleni. Mjukuu ana miaka sita. Tunamwita Kidoti, maana ana kidoti cheusi shavuni, kimekaa wazi kama kifungo cha shati. Hata kipofu akipewa dakika mbili atamtambua. Mimi sikumtambua.

Siku hiyo nilitoka mapema, nikapita mahali nikanywa kimoja. Kimoja hakipendi upweke, kikamwita mwenzake. Nilipofika getini nilikuta watoto kama mia mbili, wote sare ya bluu, wote begi mgongoni. Nikashika mkono mmoja, nikasema twende, mkono ukaja. Njiani nikanunua biskuti. Tukakaa kwenye benchi mbele ya duka, nikasinzia kidogo, na kidogo hicho kikawa karibu saa mbili. Saa kumi tulikuwa mlangoni. Binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, alifungua, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Baba, huyu ni nani?"

Na mimi nikamtazama vizuri. Alikuwa mtoto mzuri, mashavu safi kama sahani iliyooshwa, hayana alama yoyote. Akamwamkia binti yangu shikamoo, akauliza choo kiko wapi.

Kidoti alikuwa bado shuleni, amekalia kiti cha mlinzi wa geti. Hakulia. Mlinzi alipomuuliza nani atamchukua, alijibu kwamba babu ameshakuja, amemwona kwa macho yake, ila ameanza na mwenzake. Akirudi itakuwa zamu yake. Akakaa kusubiri zamu mpaka jua likahama ukuta. Mama wa yule mtoto mwingine naye alikuwa hapo hapo getini, kiatu kimoja mguuni na kingine hajui kimeanguka wapi. Alipomwona mtoto wake alimshukuru Mungu kwanza, kisha akanigeukia, na aliyoniambia sitayaandika, maana ni ya kweli.

Binti yangu hakugomba. Angegomba ningejua pa kujibia. Alisubiri tukafika nyumbani, akamvua mtoto viatu, akasema, "Baba, Kidoti hutaachiwa tena peke yako mpaka daktari aniambie umeacha." Akaingia jikoni. Hiyo ilikuwa hukumu yote.

Mji ule haukuwa na daktari wa mambo ya pombe. Aliyekuwepo karibu alikuwa wa meno, na meno yangu yalishaondoka yenyewe. Lakini kazini kwa binti yangu walikuwa na mpango wa kutibiwa kwa simu: unajiandikisha, unapewa saa, daktari anatokea kwenye kioo, dawa analeta mtu wa pikipiki. Akaniandikisha kwa jina langu na umri wangu. Nikakubali. Ningekubali hata kutibiwa na redio.

Hapo ndipo akaingia kaka yangu mkubwa.

Kaka yangu watu wanamwita Kengele. Miaka thelathini alikuwa dalali wa mnada, anagonga kengele ya mkono na kuuza makabati, baiskeli, na viti vya ofisi zilizofungwa. Pombe hajawahi kuionja, hata ile ya dawa ya kikohozi. Katika ukoo wetu yeye ndiye msemaji. Kukiwa na posa anasema yeye, kukiwa na msiba anasema yeye, mwenye nyumba akija juu anasema yeye. Aliposikia nataka kukaa mbele ya daktari nijisemee mwenyewe, alikuja asubuhi na mapema na koti lake la minada.

"Umewahi kuona mtu akajiposea?" aliniuliza. "Umewahi kuona maiti akatoa hotuba kwenye msiba wake? Mambo mazito hayasemwi na mwenyewe. Wewe kaa pembeni, mdogo wangu. Mimi nitakutoa."

Ukweli nilifurahi. Binti yangu alikuwa ameshaondoka kwenda kazini, akijua kaka amekuja kunishika mkono tu. Tuliegemeza simu kwenye pasi, juu ya meza ndogo, tukakaa kwenye kochi. Simu ile ilikuwa inamwona mtu mmoja na bega la wa pili. Kengele alikaa katikati. Bega lilikuwa langu.

Daktari alitokea: mwanamke kijana, miwani, ukuta mweupe nyuma yake. Mtandao ulikuwa ukimgandisha kila mara na mdomo wazi, kama mtu aliyesikia habari mbaya, halafu anaendelea. Akatuamkia. Kengele akajibu kwa niaba ya ukoo mzima, waliopo na waliotangulia, kisha akasema, "Daktari, tumekuja mbele yako kwa unyenyekevu. Sisi tunakunywa."

Nadhani daktari alimwona kuwa ni mmoja wa wale wazee wanaojiita sisi. Akauliza kwa upole tunakunywa siku ngapi kwa wiki. Kengele akanitazama kwa jicho la pembeni. Nikainua vidole saba. Sasa mtu aliyeuza makabati miaka thelathini, umpe bei ya kwanza aitoe hivyo hivyo? Akasema tatu. Daktari akauliza kama ana uhakika. Akasema basi nne, na hapo amemwachia. Daktari akamwambia hapa hapana kushindana, mzee aseme ukweli tu. "Tano," akasema Kengele, "mwisho kabisa," akagonga meza kwa kiganja. Simu ikaanguka. Tulipoisimamisha, daktari alikuwa ameshaandika tano.

Akamwambia anyooshe mikono. Kaka akanyoosha, imetulia kama rafu. Daktari akasema mikono hiyo imetulia sana kwa mtu wa siku tano. Kengele akasema tunashukuru. Daktari akasogeza miwani, akauliza hicho kinachotetemeka pembeni ni nini.

"Ni ndugu," alisema kaka. "Anasikiliza."

Vidonge vikaja kesho yake kwenye bahasha yenye jina langu. Masharti yalikuwa kwamba kila asubuhi saa tatu unafungua simu, unamwonyesha muuguzi kidonge, unakiweka mdomoni, unameza, unainua ulimi aone hakijajificha. Nilipeleka mkono. Kengele akaushika.

"Unakwenda wapi? Kinywa wanachokijua ni hiki."

Nikamwambia mgonjwa ni mimi. Akasema mgonjwa ni wewe, hakuna anayekunyang'anya, lakini neno tulilotoa kwa daktari limetokea kinywani mwangu, na dawa itaingilia hapo hapo. Akimwambia muuguzi tumemeza na kinywa hakijameza, huo utakuwa uongo, na yeye mbele ya watu hajawahi kusema uongo ila kwenye bei. Akameza. Akainua ulimi. Muuguzi akamsifu.

Mtasema nilikuwa mjinga. Sikatai, lakini kuna ujinga wenye starehe, na mimi niliukalia. Kila asubuhi kaka alikuja na koti, akanimezea, akaenda zake. Mimi nikabaki na vichwa vya cherehani na mikono isiyoweza kutunga uzi kwenye sindano mpaka nipate cha kuituliza.

Jumatano kulikuwa na kikundi. Simu inagawanyika vyumba vidogo vidogo kama kabati la dawa, kila chumba na mlevi wake, na kila mmoja anasimulia. Kengele alisimulia maisha yangu. Nawaambia, sijawahi kusikia maisha mazuri kama yale. Miji niliyolala nje, mvua iliyonikuta chini ya lori, mke aliyeniacha na cherehani zake tatu, vyote alivinadi kimoja kimoja, akavigeuza watu wavione pande zote. Akafika kwenye siku ya mtoto. Akasema jua lilikuwa kali, sare zinafanana, tukateleza kidogo, hata mtoto mwenyewe alifurahi, alikula biskuti. Watu wakacheka kwenye vyumba vyao. Bibi mmoja alifuta machozi kwa kucheka. Nami nikacheka, pale pembeni, bega likatikisika kwenye picha. Halafu nikatoka, nikaenda kunywa, na siku hiyo nilikunywa zaidi ya siku zote. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilikuwa nimefunikwa huku mbele, na upepo naujua mwenyewe.

Wiki ya tano ripoti ilikuja kwenye simu ya binti yangu, na mchoro wa mstari unaoshuka. Mgonjwa anaendelea vizuri sana, mwili umetulia, analala vizuri, hamu imepungua. Binti yangu aliisoma akiwa amesimama. Mimi nilikuwa nimeshika fremu ya mlango, na sababu ya kuishika alikuwa anaisikia kwa pua.

"Nimeiona," alisema. "Baba Mkubwa anaendelea vizuri."

Kidoti akaendelea kuletwa na jirani yetu msusi. Kila siku wakipita uani mtoto ananipungia kupitia dirishani, ananiuliza, "Babu, zamu yangu bado?" Namwambia bado kidogo. Anakubali, kama mtu aliye kwenye foleni anayoiamini.

Sasa dawa yenyewe. Mimi si daktari, lakini naeleza nilichokiona. Vile ni vidonge vya kuondoa hamu. Vikaingia kwa kaka yangu, vikatafuta hamu ya pombe, havikuikuta. Dawa ikifika mahali haiwezi kurudi mikono mitupu. Ikachukua iliyokuwepo. Na kaka yangu alikuwa na hamu moja tu duniani.

Mwanzo aliacha salamu ndefu. Kisha akaacha kueleza njiani amekutana na nani. Wiki ya sita shemeji yangu, mkewe, alikuja kwangu na kanga begani, akakaa juu ya kichwa cha cherehani bila kuangalia.

"Shemeji, ndugu yako ana nini? Siku tatu hajasema neno. Jana nimempikia chakula hakijaiva makusudi, amekula. Nyumba imekuwa kama ndani ya sanduku. Miaka arobaini nimemwomba anyamaze, sasa naogopa kulala naye."

Siku hizo hizo walimwita kwenye mnada mmoja, kwa heshima ya zamani, auze kitu kimoja tu, meza ya kulia ya watu wanane. Nilimsindikiza. Alipanda kwenye kijukwaa, akaitazama meza, akaiangalia kengele mkononi kama kitu alichoazimwa. Watu wakasubiri. Mwishowe akasema, "Anayetaka achukue," akashuka. Wanne wakaishika meza pembe nne, wakaenda nayo njia nne, na hadi leo sijui iliishia wapi.

Hapo niliogopa kweli. Nilitaka kusema, lakini kwa nani? Msemaji wetu alikuwa yeye.

Ikafika wiki ya nane, Jumamosi. Ndiyo siku daktari alikuwa anaandika barua ya mwisho, ile anayoingoja binti yangu. Binti alikuwa nyumbani, anapiga pasi sare ya Kidoti, kwa hiyo simu tuliiegemeza kwenye kopo la sukari. Kidoti alikuwa uani anaruka kamba. Kengele alikaa katikati, koti limemlegea. Daktari akatuamkia. Kengele akaitikia kwa kichwa. Daktari akasema amefurahishwa na maendeleo, na kabla hajaandika, angependa kusikia jambo moja.

"Mzee, nieleze siku ile ya mtoto. Polepole. Kama ilivyokuwa."

Kaka alifungua kinywa. Tukasubiri. Akakifunga. Akanitazama, si kwa jicho la pembeni, kwa macho yote mawili, kisha akamwambia daktari, "Sina hamu." Akashika magoti yake, akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni.

Kochi la binti yangu limebonyea katikati. Wakikaa wawili linatulia, mmoja akiinuka mwingine anateleza. Nikateleza. Nilipoinua macho nilikuwa nimejaa kwenye kioo, uso wangu wote, nimejiona kwenye kile kipicha kidogo cha pembeni, na nikashangaa nilivyo mzee.

Daktari akauliza na wewe ni nani. Nikamwambia mimi ndiye mnywaji.

"Na yule?"

"Yule ndiye aliyemeza."

Mtandao ukamgandisha, au labda haikuwa mtandao. Aliporudi aliuliza kama ni wiki zote nane. Nikasema zote, asubuhi bila kukosa, na ulimi anainua. Akaomba kwanza kuzungumza na kaka. Akamuuliza kama kichwa kinauma, kama anakula, kama tumbo linamsumbua, akamwambia aache vidonge leo hii na kesho akapimwe damu. Kengele akajibu yote kwa kichwa. Kisha daktari akanirudia mimi. Sauti haikuwa kali, lakini ile ya kuwaambia wazee maneno ya kuwafurahisha alikuwa ameiweka kando.

"Haya. Sasa wewe. Siku ile."

Ningeweza kuisema kama kaka alivyoisema. Niliijua kwa moyo, kwenye kikundi ameirudia mara nne. Jua kali, sare zinafanana. Ilikuwa imeshafika ulimini. Lakini mbele yangu kulikuwa na sare moja, inapigwa pasi, na kwa vile ilikuwa imetandazwa hapo peke yake haikufanana na ya mtu mwingine.

Nikamwambia daktari kwamba yule mtoto aliniambia. Tulipofika kona ya pili alinivuta mkono, akasema, "Babu, mimi siyo wako." Nikamtazama shavu, nikaona ni kweli. Nikamwambia najua, nyamaza nikununulie biskuti. Maana kurudi ni kumpitia mlinzi wa geti, na mlinzi ana pua. Nikasema moyoni nitakaa kidogo kwenye benchi inishuke, halafu nimrudishe huyu na kumchukua wangu, na hakuna atakayejua. Nikasinzia. Nilipoamka nilikuwa nimesahau hata hilo, nikampeleka nyumbani. Kwa hiyo sikukosea mtoto. Nilimwacha wangu makusudi, ili nisinuswe.

Chumba kilinuka kitambaa kinachoungua. Binti yangu alikuwa amesimama, pasi imetulia juu ya kola, haioni. Kengele ndiye aliyeinuka akamwondolea mkono.

Daktari hakuniambia pole. Aliniambia ninyooshe mikono. Nikainyoosha, ikacheza mbele yake kama cherehani isiyo na mafuta. Akasema ameiona. Akauliza siku ngapi kwa wiki. Nikainua vidole saba.

"Saba," nilisema, na kaka akanitazama kama mtu anayeona mali nzuri inatolewa bei ya kutupa.

Akaniambia barua hakuna, tunaanza upya. Akanikataza kuacha ghafla kwa ushujaa. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa mara moja unaweza kukuangusha, akasema, kwa hiyo tutashuka naye ngazi kwa ngazi, nikapimwe, na kila siku nimweleze ukweli hata ukiwa mbaya. Nikamuuliza mwishoni nani atamwambia binti yangu kwamba nimeacha. Akasema neno hilo hatalisema hata siku moja. Ataweza tu kumwambia kwamba jana sikunywa.

Kengele alirudiwa na sauti siku ya kumi na moja baada ya kuacha vidonge. Shemeji anasema aliamka akaanza kueleza ndoto, akaieleza mpaka chai ikapoa, na yeye akakaa analia kwa furaha, na kesho yake akamwomba anyamaze. Mimi nilimeza dawa yangu kwa kinywa changu. Nilianguka kwenye pombe mara mbili katika wiki zilizofuata, mara zote mbili nikamwambia daktari mwenyewe, na mara ya pili nikamwambia binti kabla ya daktari. Kwenye kikundi hawakunipenda. Bibi yule aliuliza yule mzee wa zamani, mwenye hadithi, amekwenda wapi.

Siku moja, ni mchana tu wa kawaida, binti yangu alirudi mapema kutoka kazini. Akasimama kwenye mlango wa chumba changu.

"Jana hukunywa," alisema.

"Sikunywa."

"Na leo?"

"Na leo bado."

"Vaa viatu. Tunakwenda getini wote. Utanionyesha ni yupi."

Mlinzi wa geti alininusa wazi wazi, bila kujificha, kama mtu anayekagua mzigo. Akasogea nikapita. Watoto mia mbili, sare ya bluu. Nikanyoosha kidole, na kidole kikatetemeka kikagusa watoto watatu kwa mpigo. Binti yangu akasema kidole hakitoshi, nenda ukamshike. Nikaingia katikati yao. Nikamshika mmoja, nikamwinua kidevu, nikasugua kile kidoti kwa kidole gumba kuona kama kinatoka. Hakikutoka. Kwenye kola yake kulikuwa na alama ya hudhurungi, umbo la ncha ya pasi.

"Ni zamu yangu?" aliuliza.

Kabla sijajibu yule mwingine, mwenye mashavu safi, alitokea ubavuni, mama yake anamfuata mbio. "Babu, na mimi?"

"Yako ilishapita," Kidoti akamwambia, akanivuta.

Tukaondoka. Binti yangu alitufuata nyuma, hatua kumi, nazisikia. Tukapita duka, tukapita benchi, sikuitazama. Kwenye kona ya pili niligeuka kuhakikisha bado yupo. Yupo. Hatua sasa zilikuwa ishirini.